Pini ya Ishirini na Tano

Wapapa na wamama wa chama chetu, salamu. Nawasalimu waliotoka misa na viatu vya Jumapili vinavyowabana, nawasalimu Waislamu wetu waliokaa karibu na mlango kupata upepo, na nawasalimu wamama wa kule nyuma ambao wameshaanza kunicheka. Chekeni tu. Mwenyekiti ameniomba niseme, mimi nimekubali, ila magoti yangu bado hayajakubali. Mkiona nimeshika meza, msidhani ni adabu.

Leo nimevaa Kiswahili cha mkutano kama koti la kuazima. Kikinivuka mabegani mtanisamehe, nitarudi kwenye kile chetu cha nyumbani.

Kabla sijaanza, pokeeni vyuma hivi viwili. Ni pini. Mpitishe mkono kwa mkono, kila mtu azishike, azipime kwa vidole, halafu ampe jirani. Msiniambie kitu sasa. Mwisho nitawauliza ipi nzuri na ipi mbaya. Papa pale, angalia usiiangushe kwenye mguu wako.

Sitataja jina la mtu yeyote. Wengine wako humu ndani, wameniruhusu kusema, na mkianza kugeuza shingo kuwatafuta nitanyamaza.

Mnanijua mimi ni mtu wa tour, ile mashine inayozungusha chuma mbele ya kisu mpaka kiwe cha mviringo na laini. Kazi hiyo nilijifunza nilipofika hapa kutoka Maniema, nikaipenda, na nikaringa nayo vibaya sana. Nilikuwa nasema mbele za watu kwamba mkono wangu hauhitaji kipimo. Wako humu walionisikia.

Atelier yetu, karakana ya vyuma, ilikuwa ndogo, hapa hapa Lubunga, karibu na maji. Imeshafungwa, msiitafute. Patron, mwenye karakana, alikuwa mundele, mzungu mmoja mnene, mwepesi wa kuwa mwekundu. Chini yake alikuwako chef, msimamizi wa kazi, ndugu yetu, mtu mzima, fundi kutuzidi sisi wote wanne tuliokuwa chini yake. Patron tulimwogopa kidogo, maana alikaa ofisini. Chef tulimwogopa sana.

Bon. Siku moja ikaja kazi ya bac, kivuko chetu. Nyinyi nyote mnavuka na ile bac kwenda ng'ambo, sokoni, hospitali, kazini. Huko nyuma, chini, mkono wa usukani umefungwa kwa pini za chuma, nene kama mpini wa jembe. Nahodha akizungusha gurudumu huku juu, mnyororo unavuta, pini zinashika, usukani unageuka majini. Pini ikikatika, nahodha anabaki na gurudumu linalozunguka bure, na mto unafanya unavyotaka. Mnaujua mto wetu, mnajua unatoka wapi na kasi gani.

Pini kama hiyo ina unene wake. Ikiwa nene mno, haiingii tunduni. Ikiwa nyembamba mno, inaingia, lakini inacheza, inagonga, inajila yenyewe kila siku kidogo. Katikati ya hizo mbili kuna nafasi ndogo ambamo chuma ni kizuri. Mimi naiita ruhusa ya chuma. Hakuna fundi duniani anayechonga vyuma viwili sawasawa kabisa, ndiyo maana chuma kinapewa ruhusa: unaweza kupungua mpaka hapa, ukipita hapa umeharibika. Ruhusa hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya michoro. Na karatasi ilikaa ofisini kwa patron, kwa sababu aliogopa tutaipaka mafuta.

Kwa hiyo sisi tulikuwa na desturi yetu. Chef alichonga pini ya kwanza mwenyewe, patron akaja na karatasi yake, wakaipima, wakasema ni nzuri. Ikaitwa model, ikafungwa katika kitambaa chekundu, ikawekwa kwenye droo ya chef. Anayechonga nyingine alitakiwa aende kwa chef, aombe kitambaa chekundu, atege kompa lake juu ya pini ile ya kwanza, kisha airudishe. Kompa ni kile chuma cha miguu miwili iliyopinda, unakikumbatisha juu ya kitu kujua unene wake. Kila pini, safari moja kwa chef.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda mara mbili. Mara ya tatu chef alinirukia mbele ya wenzangu.

"Tena weye? Uko na macho ao hauna? Kila saa model, model! Mutu mukubwa hawezi kushika unene ya chuma moja ndani ya kichwa?"

Wenzangu walicheka. Nikarudi kwenye tour yangu masikio yakiwaka. Mimi, mwenye mkono usiohitaji kipimo, naulizwa kama nina macho! Nikaapa sitaomba tena kile kitambaa. Mezani kwangu kulikuwa na pini niliyomaliza muda ule ule, iliyopimwa kwa ile ya kwanza. Nikajiambia, hii na ile ya kwanza si ni sawa? Nikatega kompa juu ya hiyo. Iliyoifuata nikaipima kwa hiyo. Iliyofuata nikaipima kwa iliyotangulia. Nikaenda hivyo siku tatu, kila pini naipima kwa ndugu yake aliyetoka sasa hivi.

Ndugu zangu, kosa langu lote ni hilo. Mafundi mliomo humu mmeshaelewa, naona mnatikisa kichwa. Wengine nitawaeleza. Ili kompa lipite juu ya chuma, lazima chuma kiwe chembamba kidogo kuliko mdomo wa kompa. Kidogo tu, kama kikaratasi cha kuvutia tumbaku. Basi pini ya nne ilikuwa nyembamba kwa kikaratasi kimoja kuliko ya tatu, na ya tano kuliko ya nne. Tena nilikuwa nazipima zikiwa moto, zimetoka kwenye kisu, na chuma kikipoa kinanywea. Kila moja niliyoilinganisha na jirani yake niliona ni sawa kabisa. Nilikuwa nashuka ngazi, na kila ngazi nilijiona niko pale pale.

Nikamaliza ishirini na nne. Nikazipanga kwenye sanduku la mbao, za kwanza chini, za mwisho juu. Chef akaja, akachukua mbili tatu, akazigeuza karibu sana na uso wake, akaandika *bon*, yaani nzuri, kwa chaki juu ya kifuniko. Nilijisikia mkubwa, hata nikachonga moja zaidi, ya ishirini na tano, ambayo hakuna aliyeniomba. Ilikuwa ya maringo tu. Sanduku likaenda kwenye bac, hiyo moja ikabaki mezani.

Kesho yake chef akaniita kwa sauti ya upole, jambo lililonishangaza. "Chukua hii ya mu kitambaa, uipake mafuta, isikule kutu." Nikaenda nayo mezani. Hapo mezani kulikuwa na pete ya chuma, imetoka kwenye mashine fulani iliyokufa, mimi niliitumia kuzuia karatasi. Mkono wangu ukacheza tu, bila nia. Nikachukua pini ya ishirini na tano, nikaitia kwenye ile pete. Ikapita, ikaanguka mezani, *ko*. Nikachukua ile ya kwanza ya kitambaa chekundu. Ikakataa. Nikaisukuma. Ikakataa. Nikageuza pete. Ikakataa.

Ile yangu ilikuwa imepungua. Halafu nikakumbuka sanduku. Za mwisho zilikuwa juu. Mtu akifungua sanduku anachukua za juu.

Nilikwenda mtoni nikitembea haraka kama mtu anayetafuta choo, maana kukimbia kungeonekana. Mafundi wa bac walikuwa wanapangusa mikono. Walishafunga pini sita. Zilizobaki ziliwekwa stoo, chini ya kufuli. Mmoja wao akaniambia, "Pini zenu nzuri, papa, zinaingia bila taabu." Nikamwambia asante. Ndiyo, nilimwambia asante.

Sasa nitawaambia nilichokiogopa, na nitasema chote. Mnajua mambo yetu. Ukifukuzwa kazi kwa kosa, kitabu chako cha kazi kinaandikwa neno, na neno hilo linakutangulia kila mlango unaobisha. Bila kazi, ruhusa ya kukaa mjini inakwisha, unarudishwa ulikotoka. Na kwa chuma cha bac, nani angeamini ni ujinga tu? Wangesema nimefanya makusudi. Nilijiona boloko, gerezani, kichwa kimenyolewa, nabeba mawe. Nilijiona nafika kijijini kwetu na sanduku moja, na baba yangu mzee ananiuliza mjini nilifanya nini. Nikaitia pini ya ishirini na tano mfukoni mwa suruali, nikanyamaza.

Nilinyamaza wiki nyingi. Sahani ya lituma, ndizi zetu za kuponda, niliisukuma pembeni, mimi ambaye mnanijua kwenye karamu. Kila asubuhi bac ikiondoka nilisimama mlangoni nikisikiliza. Ikifika katikati na kugeuka kukabili maji, niliisikia. *Ko*. Sauti ndogo, kama mtu anayegonga mlango na hataki kuwasumbua wa ndani. Wiki ya kwanza ilikuwa mara moja. Baadaye ikawa mara mbili. Nilianza kupanda bac bila safari, naenda ng'ambo narudi, nasimama nyuma kabisa juu ya usukani, kichwa nimekiinamisha. Nahodha alikuwa ananiangalia. Nilihisi macho yake mgongoni, nikaogopa na hilo pia.

Halafu mvua zikanyesha huko juu na maji yakapanda.

Mke wangu, yule pale anayejifunika uso kwa kanga, alikuwa anapeleka mihogo na sombe, majani yake, sokoni ng'ambo kila siku mbili. Asubuhi moja nikamwambia asipande bac, achukue mtumbwi.

"Weye bwana!" akasema. "Juzi ulinikataza mutumbwi sababu mayi imejaa. Leo unanikataza bac. Nitavuka namna gani, nitaruka?"

"Panda mutumbwi, nimesema."

"Sababu gani?"

"Sababu nimesema."

Akafunga kitenge chake, akaenda kutafuta mtumbwi. Nikapumua. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili ndilo linalonifanya nishike meza. Nilimkataza mke wangu. Wake zenu sikuwakataza. Watoto wenu niliwaona wakipanda na vitabu vyao, nikawapungia mkono. Mama pale, wewe ulipanda ukiwa na mimba, ukaniambia maji mengi leo, nikakujibu ni kweli. Mfukoni nilikuwa nimeshika pini. Na mke wangu mwenyewe nilimtoa kwenye bac, lakini nilimnyima sababu, maana niliogopa kitabu changu cha kazi kuliko nilivyomhofia yeye. Amesikia leo mara ya pili. Mara ya kwanza nilimwambia nyumbani, na hakunipikia siku mbili.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko kubwa. Maji yalikuwa ya kahawia, yanabeba miti mizima na mizizi yake. Nilikuwa nimeshapanda, niko nyuma mahali pangu, nikiona watu wanavyoshuka ukingoni: wamama na mabeseni, lori moja la mchele, kuku wamefungwa miguu. Kati yao nikamwona mke wangu. Nikamkimbilia kwenye ubao wa kupandia.

"Nilikuambia nini?"

"Wenye mitumbwi wamekataa," akasema. "Wanasema mayi hii si ya mutumbwi. Toka mu njia, beseni iko nzito."

Akanipita. Akaweka beseni lake chini katikati ya wenzake, akakaa juu ya gunia la mtu, akaanza kucheka na jirani yake. Mota ikanguruma. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya ubao na nahodha, na nilijua nina muda wa kutembea hatua ishirini tu.

Watu wanafikiri ushujaa unakuja na nguvu. Mimi nilikuja nikilia, kamasi zinatoka, mkojo uko karibu. Nikafika kwa nahodha, nikatoa pini mfukoni, nikaiweka juu ya gurudumu lake.

"Tonton," nikasema, kama mtu anavyomwita mjomba wake, "usiondoke. Pini za usukani ni nyembamba. Nimezichonga mimi. Nilijua."

Nahodha huyo ni mtu wa Yanonge, mtu wa mto tangu kuzaliwa. Akaifunika pini kwa kiganja chake haraka, akatazama nyuma kama kuna anayesikia.

"Sema polepole," akasema. "Batu wakisikia wataruka mu mayi." Akasema tena, sauti imeshuka: "Mi najua. Toka siku walizitia, najua. Nikitaka kugeuka, naanza kugeuka mbele ya kufika. Nawahi. Kila siku nawahi zaidi."

"Kwa nini haukusema?"

"Nisema kwa nani? Watasema muzee amechoka, mikono yake inatetemeka, tutafute kijana." Akanirudishia pini. "Nilikuwa naomba Mungu ije kuharibika tukiwa tumefungwa pwani."

Ndugu zangu, mimi niliogopa upande wangu, yeye aliogopa upande wake, na katikati yetu wamama walikuwa wanacheka juu ya magunia.

Akazima mota. Akapaza sauti, "Mota iko mugonjwa! Wote mushuke!" Mnakumbuka matusi ya siku ile? Mimi nayakumbuka. Mwenye lori alimtukana nahodha hadi babu yake. Tukashuka sisi wawili nyuma, chini, kwenye mkono wa usukani. Nikatoa waya inayozuia pini isitoke. Nahodha alinipa nyundo, kwa sababu pini nzuri haitoki bila nyundo. Nyundo sikuitumia. Pini niliivuta kwa vidole viwili, ikatoka kama kijiti kwenye mchuzi.

Ilikuwa imelika katikati, ina kiuno. Na kwenye kile kiuno kulikuwa na ufa unaozunguka, umebakiza sehemu ndogo tu, nyeupe, inayong'aa. Nahodha akaichukua, akaikunja kwa mikono miwili. Ikakatika mbele yangu, na hakutumia nguvu nyingi.

Nilikaa chini kwenye maji ya mafuta. Nilipoinua kichwa nikamwona mke wangu juu yetu, ameinama kwenye chuma cha pembeni, anaangalia vile vipande viwili mikononi mwa tonton. Aliangalia vipande, akaniangalia mimi, akaenda kuchukua beseni lake.

Kutoka pale hadi atelier ni mwendo mfupi. Siku ile niliona mrefu kuliko kutoka Maniema. Chef nilimkuta nyuma ya tanuri. Nikamweleza. Nilingoja anipige. Akakaa juu ya ndoo.

"Umeniua," akasema. Kisha: "Hapana. Nimejiua miye." Akavua kofia. "Ile mistari kidogo ya kipimo siioni tena. Ni mwaka sasa. Nikiangalia ni ukungu tu. Ulikuwa unakuja kuniomba model, nafikiri unakuja kunipima kama naona. Ile *bon* ya juu ya sanduku niliandika bure."

Sasa mnaelewa kwa nini alinifokea kuhusu macho. Mimi nilielewa pale, na badala ya kumkasirikia nikaona mtu aliyekuwa ananing'inia kwenye kamba ile ile. Akasimama akasema, "Twende. Weye utasema yako, mi nitasema yangu. Usiseme yangu."

Tulisema mbele ya patron. Alikuwa mwekundu, halafu mweupe, na ule weupe ulinitisha zaidi. Alituma sanduku liletwe, pini zote zitolewe kwenye bac, na bac isimame. Nilizipanga pini mezani kwa mpango niliozichonga, za sandukuni kwanza, zile sita za bac mwisho, na yeye akazipima moja moja kwa karatasi yake. Za mwanzo zilikuwa ndani ya ruhusa. Kuanzia ya tisa zikatoka, na kila iliyofuata ilikuwa mbali zaidi. Alipofika mwisho akaniuliza nani aliniambia nipime kwa ya mwisho. Nikasema hakuna. Akaniuliza kwa nini sikuomba karatasi. Nikasema hatukujua kama inaombwa. Akaiangalia karatasi yake, safi, bila hata alama ya kidole.

Sikwenda boloko. Kitabu changu kilikaa ndani ya kabati lake msimu mzima, sikujua ataandika nini, na kila asubuhi niliingia kazini nikidhani ni ya mwisho. Nilitolewa kwenye tour, nikapewa ufagio. Nilifagia mabaki ya chuma ya wale niliokuwa nawaringia. Chef naye alinyang'anywa kazi ya kukagua. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake bila la kufanya, mikono juu ya magoti, na kumwona hivyo kuliniuma kuliko ufagio.

Wakati huo bac ikingoja pini mpya, nahodha alikuwa anakaa ukingoni anashona wavu. Siku moja nikaenda kukaa naye. Nikaona kila akifunga tundu anapitisha kijiti bapa ndani yake, cheusi kwa uzee, kisha anavuta uzi. Tundu moja, kijiti. Tundu la pili, kijiti kile kile.

"Tonton, matundu haya umeshona tangu utoto. Mkono hauyajui?"

"Mukono?" akacheka. "Mukono iko na njaa, iko na usingizi, iko na hasira. Kijiti haina kitu. Hii ya baba yangu. Hatupimi tundu kwa tundu ya jana, wavu utaanza na samaki mukubwa utaisha na dagaa."

Nilirudi mbio, safari hii sikujali nani ananiona. Nikaomba ruhusa kwa patron, nikaomba karatasi, akanipa, na nikanawa mikono kwanza. Nikachukua bamba la chuma gumu, nikatoboa matundu mawili, siku nne nzima, chini ya jicho lake. Tundu la kwanza ni unene wa juu kabisa wa ruhusa: pini lazima ipite. Tundu la pili ni unene wa chini kabisa: pini lazima ikatae. Ikipita la kwanza na kukataa la pili, ni nzuri. Basi. Hakuna mstari wa kusoma, na anayepima si lazima aone vizuri.

Nikampelekea chef kwenye kiti chake. Nikamwekea bamba mkono wa kushoto, pini mkono wa kulia. Alifumba macho. Akaitia kwenye tundu la kwanza, ikapita. Akaitia la pili, ikakataa. Akaitoa, akaitia tena, ikakataa. Akafanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na sikumzuia.

Akarudishiwa kukagua. Bamba likatundikwa ukutani kwa msumari, wazi, si kwenye droo, na yeyote alilichukua bila kumwomba mtu. Kitabu changu kikatoka kabatini bila neno baya.

Basi namshukuru Mungu ambaye alishika ile sehemu ndogo nyeupe iliyobaki. Namshukuru tonton wa Yanonge kwa kijiti chake. Namshukuru papa aliyekaa juu ya ndoo akasema yake mwenyewe. Namshukuru patron pia, ndiyo, msigune, angeweza kuniharibia maisha. Namshukuru mke wangu aliyenipikia siku ya tatu. Na nyinyi mliopanda bac wiki zile nawaomba msamaha, nimekuja kwa hilo hasa.

Funzo langu ni dogo. Usijipime kwa ulivyokuwa jana. Utaona uko sawa tu, na utaendelea kuona hivyo mpaka chini. Rudi kwa ile ya kwanza, hata kama aliyeishika anafoka. Na ukiogopa, sema unaogopa, maana jirani yako naye huenda anaogopa hivyo hivyo, na amenyamaza kama wewe. Mimi sijapona woga. Mmeona magoti yangu.

Sasa, vile vyuma vimefika wapi? Nipeni. Nani aliyejua ipi mbaya? Wewe? Inua mkono. Hakuna? Papa, wewe fundi wa miaka mingi, hukujua? Hata mimi sikujua, na ile mbaya niliichonga mwenyewe.

Hili hapa ndilo bamba. Hii pini ni ya kwanza, ya kitambaa chekundu, chef alinipa alipoacha kazi. Tazameni: imepita la kwanza. La pili… imekataa. Na hii ni ya ishirini na tano. Imepita la kwanza. Sasa naiweka kwenye tundu la pili, lile linalotakiwa kukataa. Nyamazeni kidogo, wamama. Nataka msikie sauti niliyokuwa naisikia kila asubuhi mkiwa juu ya maji.

*Ko.*